Ukiendesha boda na hasira unaona nusu barabara, fanya hivi

Wana wa kijiweni Mbeya, na nyie mnaoshusha Fuso za viazi Kitonga, someni hii maana mi nilibakiza kidogo nimgonge mtoto.

Ilikuwa Mwanjelwa, abiria kakataa kunilipa buku mbili yangu, nikaondoka nimefura, mbele kidogo bajaji ikanichomekea. Basi nikaikazia macho ile bajaji tu, turubai limechanika upande wa kushoto, stika ya nyuma imebanduka nusu, mpaka leo naiona. Mtoto wa shule mwenye sweta la kijani aliyekuwa anavuka sikumwona kabisa, nimekuja kushtuka mama wa ndizi kapiga yowe. Na ilikuwa mchana kweupe, hata ukungu hamna.

Nikaanza kusoma kwa nini. Kumbe jicho linaona vizuri kabisa sehemu ndogo tu, nyoosha mkono uangalie upana wa kidole gumba, ndo hapo. Kwingine kote macho lazima yaruke ruke, kama mara tatu kwa sekunde, ndo ubongo upate picha nzima. Sasa hasira au hofu ikipanda yale macho yanaganda kwenye kile kitu kilichokukera au kukutisha. Mwaka 1959 mwanasaikolojia mmoja, Easterbrook, aliandika kwamba mtu akipandwa na jazba vitu anavyovizingatia vinapungua. Mwaka 1987 mwanasaikolojia mwingine, Loftus, na wenzake Marekani wakaonyesha watu picha za mteja mgahawani, wengine wakamwona kashika bastola, wengine kashika hundi, wale wa bastola macho yakabaki kwenye bastola na sura ya mtu mwenyewe wakaitambua kwa shida zaidi. Bajaji ndo ilikuwa bastola yangu.

Sasa cha kufanya. Kabla hujawasha, vuta pumzi halafu itoe taratibu, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, mara tano au sita. Jiambie kwa sauti "nina hasira", usione aibu, ukishaitaja inapungua makali.

Ukiwa barabarani, hii ndo kubwa kuliko zote, yahamishe macho wewe mwenyewe usiyaache yajichagulie: mbali, saiti mira ya kulia, pembeni kushoto, saiti mira ya kushoto, mbali tena. Na taja unachokiona, "guta kushoto, mama na beseni, mbwa", kwa sababu macho yaliyoganda hayawezi kutaja vitu vitatu, ukiona unarudia kitu kimoja tu jua tayari umeshikwa, punguza mwendo palepale.

Kwenye hofu ni hivyohivyo ila kuna la ziada. Uko kona ya Kitonga au unashuka Iwambi, lori limekujia upande wako, usiangalie lori wala korongo, angalia ile nafasi unayotaka kupita, mikono inafuata macho.

Hasira ikigoma kabisa, paki. Mi siku hizi nazima pikipiki navua helmeti nakunywa chai, abiria anayefuata atasubiri.

Na wewe abiria, ukimsikia dereva anafoka peke yake huku anamkimbiza mtu, mguse bega umwambie kaka, simama hapo mbele kidogo ninunue maji.