Haibiskasi ya tabaka moja na ya tabaka nyingi: shika wembe ujionee

Wengi hudhani haibiskasi yenye ua lililojaa imeongezewa petali. Ukweli ni kwamba stameni zake, yaani sehemu za kiume zinazobeba chavua, zimebadilisha kazi. Ukilipasua ua mwenyewe, hutahitaji kushawishiwa.

1. Chuma asubuhi. Ua la haibiskasi kwa kawaida huishi siku moja, jioni limeshajikunja. Chukua la tabaka moja, la tabaka nyingi, na ukibahatika lile la kati na kati, lililojaa nusunusu. Hilo la tatu ndilo litakalokufundisha zaidi.

2. Pasua la tabaka moja kwa urefu. Chini kuna sepali, yaani vijani vya kijani vinavyofunika tumba, kisha petali tano, kisha mnara katikati. Mnara huo ni stameni zilizoungana zikawa bomba, na vifuko vya chavua vimeuzunguka. Ndani ya bomba hupita uzi wa sehemu ya kike, unaochomoza kileleni na kugawanyika vichwa vitano.

3. Lifumue la tabaka nyingi. Toa kwanza petali tano za nje. Hizo ni zilezile za ua la kawaida. Sasa angalia zilizobaki zimeota wapi: kwenye mnara! Zivute mojamoja, uziweke chini ya kioo cha kukuzia. Usiharakishe hapa. Mara nyingi utapata moja yenye kikonyo chembamba kama uzi, upande mmoja umetanuka ukawa kipande cha petali chenye mikunjo, na ukingoni kifuko cha chavua bado kimeng'ang'ania. Ni stameni iliyoishia njiani.

Mwaka 1991 wanasayansi wa jeni za mimea Enrico Coen na Elliot Meyerowitz walilieleza jambo hili kwa makundi matatu ya jeni: A, B na C. A peke yake hutoa sepali, A na B petali, B na C stameni, C peke yake sehemu ya kike. C ikilegea pale stameni zinapotakiwa kuota, A huingia, na pamoja na B hutengeneza petali.

4. Pasua tumba changa. Hata kabla rangi haijajitokeza, vipande vya ziada vimeshajipanga ndani. Kwa hiyo mbolea unayomwaga tumba likiwa limeshavimba haiwezi kuliongezea petali.

5. Funga uzi kwenye tawi, ufuatilie. Kichaka kilekile kinaweza kutoa ua lililojaa leo na lililopungua baadaye, hasa hali ya hewa ikibadilika. Mimi niliwahi kung'oa mche kwa hasira, nikiamini nimeuziwa usio wenyewe, kwa sababu ua la kwanza tu lilikuwa la tabaka moja. Subiri angalau maua kadhaa.

6. Ukitaka ua lilelile, panda kipandikizi. Mbegu huchanganya sifa za wazazi, na miche ndugu haifanani. Kata tawi lililoanza kukomaa, sentimita 10 hadi 15, chini kidogo ya fundo. Bakiza majani mawili ya juu, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini. Tawi likate kwenye upande uliotia uzi, ule uliojaza maua mfululizo. Likiwa na tumba, ondoa tumba hilo, maana litanyonya nguvu ya kutoa mizizi.