Somo: Mbwa anayenguruma ukisogelea chakula chake

Wengi wakisikia mbwa ananguruma akiwa anakula, mkono unakimbilia fimbo. Acheni. Anayenguruma bado anakuonya: anaogopa utamnyang'anya. Mchape kila anaponguruma, atanyamaza kweli, lakini hofu haitoki, na siku moja atauma bila onyo. Hao ndio tunaoambiwa "kauma ghafla tu".

Kama ni mbwa mzima na tabia imeanza juzi, muone kwanza daktari wa mifugo. Jino bovu au sikio lenye usaha humfanya mpole awe mkali.

Hatua ya 1. Mlishe peke yake, watoto na kuku wakiwa mbali. Mbwa wakiwa wengi, kila mmoja na bakuli lake, na waachane.

Hatua ya 2. Akianza kula, pita kwa mbali, pale ambapo mwili wake bado umelegea. Akikaza shingo, akimeza harakaharaka au akikutazama kwa pembeni hadi weupe wa jicho uonekane, umeshasogea mno. Ukiwa pale pa mbali, mrushie kitu kitamu kuliko alichonacho. Kama anakula ugali na dagaa, kipande cha ini la kuchemsha kinatosha (kitunguu usiweke, ni sumu kwao). Rusha, ondoka. Hapa ndipo wengi wanaharibu: wanarusha halafu wanasimama kumkodolea macho.

Hatua ya 3. Rudia kila mlo. Siku akikuona anainua kichwa na mkia unacheza, akisubiri ini lake, sogea hatua moja tu. Akikaza tena, rudi nyuma.

Hatua ya 4. Mfundishe kubadilishana. Ameshika mfupa? Mpe nyama, akiachia chukua mfupa, kisha mrudishie. Na ile desturi ya kutia mkono kwenye bakuli la mbwa mdogo "ili azoee", mimi siikubali kabisa; ndiyo inayowafundisha wengi kulinda chakula.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, wangu nafungia bandani mchana, usiku namwachia alinde. Si atakuwa mpole hata kwa wezi?
Hapana, ndugu. Hapa anajifunza kwamba wewe si mwizi wa chakula chake. Mgeni anayeruka ukuta usiku hayumo kwenye somo. Ila kumfungia kutwa nzima kunamwongezea hasira. Mtoe atembee asubuhi.

Inachukua muda gani?
Wiki kadhaa, wengine miezi. Mbwa aliyekwisha kuuma mtu asifundishwe bila mtaalamu.

Mwanangu kaumwa jana kidoleni, kidonda kidogo tu. Chanjo ya mbwa sikumbuki ilikuwa lini.
Mama, acha kusoma hapa kwanza. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, hata kama ni jana, kisha mpeleke hospitali leo hii. Usipake pilipili wala mafuta. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona, ila chanjo ikiwahi inazuia. Mbwa msimuue, mfungeni salama achunguzwe siku 10, na daktari wa mifugo ajulishwe. Hayo ya bakuli tutayazungumza mtoto akishadungwa sindano.