Umepona homa ya Bonde la Ufa? Cheki macho yako hivi

Kama umeugua homa ya Bonde la Ufa, ile ya mifugo iliyosumbua Kenya na Tanzania 2006 na 2007, usidhani homa ikishuka ndo basi. Kuna wachache virusi vinawaachia shida kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, na huwa inaanza wiki 1 mpaka 3 baada ya kuanza kuumwa.

Sasa kila asubuhi ziba jicho moja kwa kiganja, usilibonyeze, soma kalenda ya ukutani, angalia fremu ya mlango, halafu badilisha jicho. Ukifungua yote mawili lile zima linamfichia mwenzie, hapo ndo wengi wanapigwa chenga.

Ukiona ukungu, doa katikati au fremu imepinda, nenda kwa daktari wa macho siku hiyohiyo, mwambie uliugua nini na kama ulichinja au kukamua mifugo. Atakuwekea dawa ya kupanua mboni so usijiendeshee pikipiki kurudi. Matone ya dukani achana nayo jamani, tatizo liko nyuma kabisa ya jicho.

Mara nyingi inaisha yenyewe wiki 10 mpaka 12, ila ikigusa katikati ya retina, karibu nusu ya wagonjwa uoni wao haurudi.