Jogoo asipopanda mtungi, anzia kwenye mshipa wa damu

Nina duka la dawa za kisuna Tanga, pale Ngamiani, nililorithi kwa marehemu baba. Nauza habasoda, mdalasini, karafuu, tangawizi kavu, asali ya nyuki wadogo na mizizi ya aina kwa aina. Mwanaume anayetafuta dawa ya nguvu za kiume namjua tangu mlangoni. Anashika chupa ya asali, anaigeuza, anauliza bei, anasubiri wateja wengine watoke, ndipo anasogea kaunta na kushusha sauti: "Shikamoo mzee. Ile dawa ya wanaume ipo?"

Kwa miaka mingi nilimfungia kifurushi na kupokea pesa yangu. Nilipofika miaka 49 yakanifika mwenyewe. Uume ulikuwa unasimama nusu, ukiguswa na baridi kidogo unalala. Nikajitibu kwa dawa za dukani kwangu miezi minne mizima, nikibadilisha mzizi huu kwa ule. Aliyenitoa kwenye giza ni mke wangu. Usiku mmoja aliniambia: "Baba watoto, unaamka kukojoa mara nne, na maji unamaliza jagi. Hili si la jogoo peke yake. Kesho nenda ukapime." Sukari kabla ya kula chochote ilikuwa 13.2 (kwa kipimo cha mmol/L). Presha 160 juu, 100 chini. Nilikuwa nagonga mlango wa mbele huku nyumba inaungua kwa nyuma.

Kwa hiyo ukija kwangu leo, kabla sijakupa mzizi wowote nitakutuma ukapime sukari na presha. Si kukufukuza. Uume unasimama kwa damu. Ubongo ukipata hamu, mishipa ya fahamu na ya damu inatoa gesi iitwayo naitriki oksaidi, mishipa ya damu inalegea na kutanuka, damu inajaa kwenye nyama iliyo kama sifongo ndani ya uume na kubanwa isitoke. Mishipa ile ni myembamba sana, milimita 1 hadi 2 hivi. Ya moyo ina milimita 3 hadi 4. Mafuta yakianza kuziba, au sukari ikianza kuharibu kuta, mwembamba ndio unaoanza kulalamika. Mwanaume wa miaka 50 ambaye jogoo wake amegoma taratibu huenda amepewa taarifa ya moyo miaka kadhaa kabla. Nani atataka kuinyamazisha taarifa hiyo kwa kikombe cha dawa?

Sukari ya asubuhi, hujala wala kunywa chai, ikifika 7.0 au zaidi, daktari ataipima tena kuthibitisha kisukari. Presha ikiwa inarudi kwenye 140 kwa 90 au zaidi kila ukipima, hiyo ni presha ya kupanda. Na kama tayari unameza dawa za presha, zipo baadhi zinazopunguza nguvu. Usiziache kimyakimya. Mwambie daktari akubadilishie, dawa ni nyingi.

Kuna swali moja namuuliza kila kijana: asubuhi ukiamka, unasimama? Akijibu ndiyo, tena barabara kabisa, mara nyingi mishipa yake ni mizima. Linalomshinda ni hofu, madeni, ugomvi wa nyumbani, pombe, kukosa usingizi, au ile siku moja alishindwa akaogopa kushindwa tena. Huyo mzizi wangu haumhusu. Anahitaji kulala, kuongea na mwenzake, na wiki mbili tatu za kushikana na kubembelezana bila kujilazimisha kumaliza kazi. Lakini ikiwa hata asubuhi hakuna kitu, na hali imekuja polepole, apime upesi.

Kutembea

Kati ya dawa zote za asili ninazozijua, hii ndiyo ninayoiamini kuliko zote. Utafiti wa Italia uliotoka mwaka 2004 ulichukua wanaume wanene 110 wenye tatizo hili. Nusu yao walifundishwa kupunguza mlo na kuongeza mazoezi kwa miaka 2. Takriban theluthi moja ya waliofundishwa walirudi kwenye hali yao. Kipimo kinachopendekezwa ni kama dakika 40 za mazoezi ya kutoa jasho, mara 4 kwa wiki, kwa miezi 6.

Mimi natoka Ngamiani baada ya swala ya alfajiri, navuka reli, napita mjini, nanyoosha kuelekea Raskazone bahari ikiwa kushoto. Mwendo wa mtu anayewahi basi: unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Mwezi wa kwanza nilikuwa nafika nimechoka, viatu vinanibana. Mwezi wa tatu mkanda ulisogea tundu mbili. Mwezi wa tano, asubuhi moja, niliamka nikiwa nimesimama, kitu ambacho nilikuwa nimeshakisahau. Nililala pale pale namshukuru Mungu. Sukari nilikuwa naimezea vidonge wakati wote huo, nisikufiche.

Mazoezi ya nyonga

Hili wanaume wengi hawajalisikia, na halina gharama hata ya shilingi. Chini ya nyonga kuna misuli inayobana damu isitoke kwenye uume. Mwaka 2005 huko Uingereza watafiti waliwafuatilia wanaume 55 waliofundishwa kuikaza pamoja na kurekebisha maisha yao. Baada ya miezi 6, asilimia 40 walikuwa wamepona kabisa, na wengine zaidi ya theluthi wamepata nafuu.

Kuitambua misuli hiyo, simama mbele ya kioo bila nguo. Jifanye unazuia ushuzi usitoke mbele za watu, na papo hapo unakata mkojo katikati. Ukipatia, utaona shina la uume linaingia ndani kidogo na korodani zinapanda. Kama makalio yamekaza au tumbo limeingia, bado hujapatia; legeza, anza upya. Ukishaijua, lala chali, kunja magoti, kaza kwa kadiri unavyoweza huku ukihesabu hadi 5, kisha legeza ukihesabu hadi 5. Fanya mara 10. Usibane pumzi. Rudia ukiwa umekaa, kisha ukiwa umesimama. Asubuhi, mchana, usiku. Ukizoea, hesabu ifike 10. Usifanye mazoezi haya kwa kukatakata mkojo kila ukienda chooni. Hiyo ni ya kujaribia mara moja tu. Mimi nakaza nikiwa kaunta napima mdalasini, hakuna anayejua.

Chakula na vinywaji vya mtaani

Muhogo mbichi, nazi na karanga mbichi: kula, ni chakula kizuri, ila usitarajie muujiza usiku huo huo. Supu ya pweza nayo ni chakula safi cha baharini, ina protini na madini ya zinki. Zinki inamsaidia aliyepungukiwa nayo; anayekula vizuri hataongezewa kitu. Angalia chumvi tu, wapishi wetu wanaimwaga. Tikiti maji lina kitu kinachoitwa sitrulini ambacho mwili hukigeuza na kusaidia ile gesi ya kutanua mishipa. Utafiti mdogo wa wanaume 24 wenye shida ndogo ulionyesha nusu yao walipata nafuu, lakini walimeza sitrulini yenyewe, gramu 1.5 kwa siku. Kipande kimoja cha tikiti hakifikii huko. Mwenye kisukari asile nusu tikiti kwa kutafuta nguvu.

Nilichobadilisha mimi ni sahani. Wali au ugali ujazo wa ngumi yangu, mchicha au kisamvu nusu ya sahani, samaki, maharage. Chai bila sukari, nimetia tangawizi na hiliki ili isinichukize. Soda nimeacha. Sigara sivuti, ila kama wewe unavuta, anzia hapo kabla ya kufikiria mzizi, maana moshi unaharibu mishipa ile ile unayotaka kuifungua.

Alkasusu, kile kinywaji cha mizizi na viungo kinachouzwa mtaani, nataka niiseme kwa upole, maana wauzaji wake ni majirani zangu na kila mmoja ana mchanganyiko wake. Kama ndani mna mzizi wa susu wenyewe, ule mtamu, ukiunywa kila siku unapandisha presha na kushusha madini ya potasiamu mwilini. Mwenye presha asiuguse. Muulize muuzaji ametia nini. Asipotaka kusema, rudisha kikombe.

Mizizi, na unga ule

Mkombero unatoka zaidi magharibi mwa Kenya, upande wa Kakamega. Ni mzizi wenye harufu kama vanila, unatafunwa mbichi au mkavu, ladha inaanza chungu kisha inabaki tamu. Nauza, na mwenyewe natafuna kipande cha kidole kimoja jioni. Uchunguzi wake mwingi umefanywa kwa panya, kwa hiyo nakuuzia kama kitafunwa cha kuchangamsha, siwezi kukuapia kwamba unatibu. Jinsengi ya Wachina na Wakorea imepimwa kwa wanaume wengi, na faida iliyoonekana ni ndogo mno. Tangawizi, kitunguu saumu na habasoda tia kwenye chakula kwa kiasi cha kupikia. Ukiwa unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, usimeze kitunguu saumu au tangawizi kwa vijiko kama dawa bila kumuuliza daktari. Magome ya yohimbe usiyaguse kama una presha au moyo; yanakimbiza mapigo.

Sasa unga. Miaka ya nyuma msambazaji mmoja aliniletea unga wa kahawia, akasema ni mzizi mtupu kutoka porini. Nilijaribu mwenyewe kabla ya kuuza. Haikupita saa nzima, uso ukawaka moto, pua ikaziba, kichwa kikagonga, na taa ya chumbani nikaiona ina rangi ya buluu. Na kweli, uume ulisimama. Kesho yake nilimsimulia mfamasia jirani yangu, akaniambia hizo dalili anazijua: ni sildenafili, dawa ile ile ya vidonge iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1998, imesagwa na kuchanganywa na unga. Niliumwaga wote shimoni. Kilichonitisha ni wazee wangu wenye moyo, wanaoweka kidonge cha naitreti chini ya ulimi kifua kikibana. Vitu hivyo viwili vikikutana, presha inaanguka ghafla na mtu anaweza kufa.

Kwa hiyo shika hili: mzizi haufanyi kazi kwa kufuata saa. Dawa ya "asili" inayokusimamisha baada ya nusu saa, kila mara, ina kidonge ndani, na hujui ni kiasi gani. Kama unahitaji kidonge, kipate hospitali, upimwe moyo kwanza, uandikiwe dozi yako. Hakuna aibu hapo. Na kwa dawa yoyote ile, uume ukibaki umesimama zaidi ya saa 4, kimbia hospitali usiku huo huo. Damu iliyokaa inaharibu nyama na huenda usisimame tena.

Ukifika kwa daktari usizungushe maneno kama wateja wangu na chupa ya asali. Sema: "Daktari, uume wangu hausimami vizuri, umeanza tangu mwezi fulani, asubuhi nasimama au sisimami, na dawa ninazotumia ni hizi." Beba na vile vifurushi ulivyonunua, hata kama vimetoka kwangu, umwekee mezani avione.