Kuunga trasti kati ya domeini ya NT 4.0 na ya Server 2003

Una domeini (kundi la kompyuta na akaunti zinazosimamiwa pamoja) ya zamani ya Windows NT 4.0 yenye mafaili na programu ambazo hakuna anayethubutu kuzigusa, na watu wote umeshawahamishia kwenye Active Directory, yani mfumo wa akaunti, ya Server 2003. Sasa unataka watu hao wafike kwenye mafaili yale bila kuwapa akaunti ya pili, na hapo ndo trasti inapoingia, yani makubaliano ya domeini moja kuwakubali watu wa nyingine. Wizadi yenyewe ni dakika chache tu, kinacholiza watu ni majina, kwa hiyo usiikimbilie.

Hatua ya 1: jua nani anamwamini nani
Wengi wanageuza hapa. Domeini yenye mafaili ndo inayoamini, yenye watu ndo inayoaminiwa. Kwetu sisi NT inaiamini ile mpya, upande mmoja tu, tena hairithishwi, yani ukiwa na domeini ya tatu hiyo utaiunga kivyake.

Hatua ya 2: majina
NT kwenye kazi hii haitumii DNS (majina ya mtindo wa intaneti), inatafuta kwa NetBIOS, majina mafupi ya zamani ya mtandao wa Windows. Kama una WINS (seva inayotafsiri majina hayo kuwa anwani), seva zote mbili ziulize WINS hiyohiyo, umemaliza. Kama huna, kwenye PDC (seva kuu ya domeini) ya NT fungua folda ya System32\drivers\etc utengeneze faili la lmhosts, orodha ya majina na anwani (hapa KAMPUNI ni domeini mpya, SEVAMPYA ni seva yake):

192.168.5.10 SEVAMPYA #PRE #DOM:KAMPUNI
192.168.5.10 "KAMPUNI        \0x1b" #PRE

Mstari wa pili ndo mtego wenyewe. Jina la domeini linajazwa nafasi tupu mpaka zitimie herufi 15 ndo ifuate \0x1b, jumla 20 ndani ya alama za kunukuu, na ukikosea nafasi moja tu halifanyi kazi na wala halikwambii kitu. #PRE na #DOM ni herufi kubwa. Angalia pia Notepad isikubandikie .txt mwishoni, mimi nilipoteza jioni nzima kwa hilo. Kisha kwenye command prompt piga nbtstat -R (R kubwa) ili faili lisomwe upya, halafu nbtstat -c ili uone majina yaliyopakiwa, ukiiona KAMPUNI yenye 1B uko sawa. Rudia upande wa 2003, kwenye seva yenye kazi ya PDC emulator (inayoshika nafasi ya PDC), safari hii ukiandika jina na anwani ya upande wa NT.

Hatua ya 3: usalama
DC (seva inayosimamia domeini) ya 2003 inadai mawasiliano yawe na saini, kwa hiyo ipandishe NT mpaka Service Pack 6a (kifurushi cha marekebisho) kwanza kabla hujafikiria kulegeza policy yoyote. Kama kuna firewall katikati, fungua UDP 137 na 138, TCP 135 na 139.

Hatua ya 4: trasti yenyewe
Anza na anayeaminiwa. Kwenye 2003 fungua Active Directory Domains and Trusts, Properties za domeini, Trusts, New Trust, andika jina la NetBIOS la NT, chagua One-way: incoming, weka paswedi. Ndo uende NT: User Manager for Domains, Policies, Trust Relationships, ongeza KAMPUNI kwenye Trusted Domains kwa paswedi ileile.

Hatua ya 5: jaribu
Kwenye PDC ya NT piga nltest /sc_query:KAMPUNI, halafu jaribu kumpa mtu wa domeini mpya ruhusa kwenye folda moja, akifungua basi imekubali. Ila usije ukapandisha DC zako kwenda Server 2008 R2 ukitegemea trasti hii, toleo hilo haliungani na NT tena.