SOMO: Umesasisha WordPress, picha hazionekani? Usizipakie upya kwanza

Wakuu, hili linawapata wengi. Umesasisha WordPress, ukafungua tovuti, maandishi yapo ila picha hakuna. Wengi hapo huanza kupakia picha upya moja moja. Subiri kwanza. Usasishaji hubadilisha wp-admin, wp-includes na mafaili machache ya nje. Folda ya wp-content/uploads, ambamo picha hupangwa kwa mwaka na mwezi, haiguswi. Mara nyingi picha ipo, ila njia ya kuifikia ndiyo iliyokatika.

Hatua ya 1. Chukua bekapu ya mafaili na ya hifadhidata, vyote viwili.

Hatua ya 2. Fungua picha iliyopotea kwenye tabo mpya, usome anwani yake na namba ya kosa. Usiiruke hatua hii, maana ndiyo inayokuonyesha pa kwenda.

Ikifunguka, picha ni nzima. Futa kache, kisha zima plagini ya kuchelewesha picha (lazy load, picha isipakiwe hadi msomaji aikaribie) kama unayo. Tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020, WordPress inafanya kazi hiyo yenyewe.

Ukiona 403 (umekatazwa), kagua ruhusa kwanza: namba za ruhusa za folda ziwe 755, za mafaili 644. Atakayekushauri uweke 777 usimsikilize, utakuwa umemfungulia kila mtumiaji wa seva hiyo aandike humo.

Ukiona 404 (faili halikupatikana), kagua jina. Kwenye seva ya Linux, Kiatu.JPG na kiatu.jpg ni mafaili mawili. Jina likiishia na vipimo kama -300x300, viondoe ujaribu tena. Ikifunguka, kilichokosekana ni saizi ndogo tu, yaani nakala ndogo ambazo WordPress hutengeneza kutoka kwenye picha yako, nenda hatua ya 4.

Hatua ya 3. Anwani ikionyesha jina la zamani la tovuti, au localhost, inabidi kuibadilisha ndani ya hifadhidata. Usitumie SQL ya kawaida (lugha ya kuamuru hifadhidata moja kwa moja). Mipangilio mingi ya themu na plagini huhifadhiwa pamoja na idadi ya herufi, hivi:

s:16:"http://localhost"

Ukibadilisha anwani bila kubadilisha ile 16, mpangilio wote hausomeki tena. Amri ya wp search-replace ya WP-CLI, zana ya kuendesha WordPress kwa kuandika amri kwenye seva, huhesabu upya yenyewe. Ianze na --dry-run uone itakachogusa kabla haijagusa.

Hatua ya 4. Endesha wp media regenerate, nayo ni ya WP-CLI, itengeneze upya saizi ndogo. Kama PHP nayo ilipandishwa toleo, hakikisha kwanza ina GD au Imagick, viongezo vya PHP vya kuchakata picha. Bila mojawapo, saizi ndogo hazitengenezwi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, mimi nina cPanel tu, amri sizijui.
Hakuna shida. Kwa hatua ya 3 weka plagini ya Better Search Replace, kwa hatua ya 4 Regenerate Thumbnails. Ukimaliza zifute.

Kwenye simu picha zinaonekana, kwenye kompyuta hazionekani. Inakuwaje?
Tangu toleo la 4.4, WordPress humpa kila msomaji saizi inayofaa kioo chake. Simu yako imepewa saizi iliyopo, kompyuta imepewa iliyokosekana. Fanya hatua ya 4.

Ruhusa nimeweka sawa kabisa, bado 403.
Ingia cPanel, sehemu ya Hotlink Protection, inayozuia tovuti nyingine kutumia picha zako. Anwani ya tovuti yako iwemo kwenye orodha kwa https, yenye www na isiyo na www. Isipokuwemo, seva inaizuia tovuti yako mwenyewe isionyeshe picha zake. Ikigoma tena, tuma anwani ya picha moja hapa tuitazame.