Klipsi za fito za nikeli kwenye gari ya zamani: namna ya kuzipata ukiwa Tanga

Gari ikishatoka rangi kila anayepita anasifia, ila siku ya kurudishia fito za nikeli, zile za kung'aa tunazoziita nikeli hata kama sio nikeli, ndo unajua shughuli yenyewe ilikuwa wapi. Injini ya Beetle fundi utampata, tairi utapata, taa utapata, ila kile kidude cha ukubwa wa ukucha kinachoshika ufito ubavuni kila duka unaloingia wanakuangalia kama umekuja kuuza karanga. Mimi nimehangaika nayo miezi hapa hapa Tanga, kwenye Volkswagen Beetle ya 1969 niliyoachiwa na baba mkubwa, ilikuwa imelala Raskazone chini ya mwembe upepo wa bahari unaipiga usiku na mchana, kwa hiyo naandika hapa ili mwingine asirudie ujinga wangu.

Ujinga wenyewe ni huu. Nilichomoa fito kwa bisibisi, klipsi zikakatika, nikazifagia nikatupa, zimeoza za nini? Wiki mbili baadae nimesimama kaunta Ngamiani namweleza kijana wa watu kwa mikono, ni kama hivi, halafu inapanda hivi, na yeye anazidi kuniletea klipsi za bampa ya Noah.

Kwa hiyo usitupe hata moja. Iliyovunjika, iliyooza, nusu yake, weka kwenye kopo, na kila kopo andika imetoka wapi, mlangoni, boneti, ubavu wa nyuma kulia. Beetle ya miaka hiyo ina fito saba za mwilini, moja ya boneti na tatu kila ubavu, ukiacha zile mbili za ngazi za pembeni ambazo zina mambo yake, na usidhani zote zinashikwa na kitu kimoja, hasa kama gari ishapitia mikono ya mafundi. Yangu nilikuta klipsi za bati, klipsi za plastiki, na sehemu moja mtu alikunja msumari.

Na kuchomoa usitumie bisibisi, narudia. Chonga mwiko wa mbao au kipande cha mwanzi kiwe na ncha bapa, bandika selotepu ya karatasi kwenye rangi, halafu unaingiza karibu kabisa na klipsi, sio katikati ya klipsi mbili, maana ukinyanyua katikati ufito unakunjika na ukikunjika haunyooki tena vile ulivyokuwa, utabaki na kovu ambalo jua la saa kumi linalionyesha kwa kila mtu.

Sasa kitu kikubwa ambacho kingeniokolea nauli nyingi: ukienda dukani usianze na jina la gari. Ukisema Beetle, au Morris, au Peugeot 404, jibu ni "hatuna mzee, hizo zilishapita". Anza na tundu. Klipsi haijui iko kwenye gari gani, inachojua ni ukubwa wa tundu, unene wa bati na upana wa kile inachokishika, basi. Kwa hiyo nenda na namba.

Tundu unalipima hata kama huna kalipa, kile kifaa cha kupimia milimita, chukua seti ya biti za drili. Ukiingiza mkia wa biti ya 6 ukapita na wa 6.5 ukagoma, tundu lako liko hapo katikati. Pima matundu matano sita sio moja, kwa sababu kutu inapanua, na moja likizidi sana wenzake hilo sio saizi, hilo ni ugonjwa, litengenezwe kwanza. Halafu pima unene wa kile kinachopitiwa, bati tupu la bodi ni karibu milimita moja au pungufu, ila kava la mlango la hadibodi ni kama 3 mm, na klipsi yenye shingo fupi ya kutosha bati tu ukiipeleka kwenye hadibodi haifiki, ya hadibodi ukiipeleka kwenye bati inacheza ngoma gari ikitembea.

Ufito wenyewe ndo mgumu kupima maana mdomo wake umekunjwa kwa ndani. Hapa kuna ujanja nilioonyeshwa na mzee mmoja fundi viti, nilimkuta anashona kava za bajaji, nikampa shikamoo nikamweleza shida yangu, akaniambia, "Mwanangu, una sabuni nyumbani?" Nikajua ananitania. Kumbe chukua sabuni ya mche ile laini, kata kipande, ukandamize ncha ya ufito pale ulipokatiwa mwisho wake, ukitoa unabaki na chapa kamili, mdomo, kuta, mkunjo, kila kitu. Unapima kwenye sabuni kwa rula. Kichwa cha klipsi kinatakiwa kizidi mdomo kidogo na kiwe pungufu ya upana wa ndani, ndo kinaingia kwa kubanwa na hakitoki. Kile kipande nilikifunga kwenye nailoni nikazunguka nacho mjini, kijana wa kaunta alicheka ila safari hii alielewa.

Ukishakuwa na namba zunguka hivi. Maduka ya spea ya Ngamiani yamejaa klipsi za Toyota, za IST, Noah, Probox, na usizidharau. Za kava za milango na za mabampa ziko za matundu ya 7, 8 mpaka 10 mm, na kwa mahali ambapo hapaonekani, kama kava za ndani, mkeka wa buti, hizo zinamaliza kazi kabisa. Bei ya moja haiumi, ila chagua plastiki inayopinda. Bana kichwa na mguu kwa vidole, ikitoa mstari mweupe kwenye mkunjo au ikilia kama biskuti iache hapo hapo. Hizo mimi naziita waja leo waondoka leo, unaifunga asubuhi na jioni iko barabara ya Pongwe inakanyagwa na malori.

Baada ya hapo nenda kwa mafundi viti na mafundi bodi. Fundi viti wa siku nyingi ana kopo. Lazima ana kopo. Limejaa vitu alivyochomoa kwenye magari tangu enzi, na humo ndo nilipata klipsi kumi na moja za mlango, zile za waya zinazoingia kwenye hadibodi. Nenda asubuhi kazi haijachanganya, msalimie, usianze na bei. Wauza vyuma chakavu nao wapitie ila uwahi kabla mzigo haujaondoka, na kama una ndugu anafanya kazi shamba la mkonge muulize kuhusu karakana za zamani, huko kuna Land Rover na malori yaliyolala kwenye majani na hata kama sio gari yako skrubu na nati za bati zinaingiliana.

Hizo nati za bati, kama hujui nazungumzia nini, ni kile kipande cha bati la springi kilichokunjwa kama herufi U kinachovaa ukingoni, skrubu inauma kwenye ulimi wake. Zimevumishwa na kampuni ya majiko ya Tinnerman kule Cleveland Marekani, walikuwa wanatafuta namna ya kufunga bati lenye enameli lisipasuke, baadae magari yakazichukua. Ndo maana hata jiko bovu la gesi au friji iliyokufa lifungue kabla hujaliuza kilo.

Tanga pakiisha kuna Gerezani na Kariakoo kule Dar, na kuna Mombasa kwa kupitia Horohoro, mimi Mombasa nilimtuma mtu na ile sabuni ikiwa imepigwa picha pembeni ya rula. Picha bila rula haina maana, klipsi ya 6 na ya 9 kwenye simu ni mapacha.

Za kuonekana, yani zile za fito za nje, ukweli ni kuagiza. Kwa Beetle bahati nzuri gari zilitengenezwa zaidi ya milioni 21 mpaka 2003 kule Mexico, kwa hiyo wauzaji wa Ujerumani, Uingereza na Marekani bado wanazo mpya. Angalia mwaka tu, za mpaka 1966 ufito ni mpana na kuanzia modeli ya 1967 ni mwembamba, na klipsi hazibadilishani. Agiza na zaidi, kama unahitaji hamsini chukua sitini, kwa sababu utavunja, mtoto atapoteza, na mzigo wa pili nauli yake ni ile ile. Na usinunue lile boksi la mchanganyiko la klipsi mia tano za kila gari. Nililinunua. Zilizofaa ni nne.

Wenye Morris Minor na Land Rover za zamani nyie mna balaa lenu la thredi, yani meno ya skrubu. Skrubu ndogo za Kiingereza za zamani, za dashibodi na umeme, nyingi ni BA, vipimo vyao vya zamani vya skrubu ndogo, na BA namba 2 ina unene wa 4.7 mm na hatua ya meno 0.81 mm, sasa M5 ya dukani ni 5 mm na hatua 0.8, unaona zilivyokaribiana? Fundi anaanzisha M5 inaingia raundi moja, anaongeza nguvu, imeshakula meno. Ikikaza kwa vidole simama. Beetle haina shida hiyo, ni milimita tupu.

Kuna zile ambazo huzipati popote na hizo unatengeneza. Klipsi za waya za mlango nilizopungukiwa nilizikunja kwa spoku za baiskeli, na Tanga hii kwa baiskeli tuna spoku za kutosha kufunga meli. Spoku ya kawaida ni 2 mm, ngumu, ina springi. Nilipigilia misumari mitatu kwenye ubao kufuata umbo la klipsi ya zamani nikawa nazungushia waya hapo kwa plaizi, ya kwanza mbaya, ya pili mbaya, kuanzia ya tano zikawa zinafanana. Usiipashe moto ili ikunjike kirahisi, ukiipasha springi inakufa inakuwa kama waya wa kufungia ua. Na kona iwe ya duara kidogo, ukiikunja kona kali inakatika, kama sio leo ni siku umemwekea mgeni mlango aingie. Kama waya wa klipsi yako ni mwembamba kuliko spoku usilazimishe, itararua hadibodi.

Kufunga sasa. Chumvi ya hapa haina huruma, na fito za Beetle ni alminiamu, chuma kikigusana na alminiamu penye hewa ya bahari alminiamu inatoa ule unga mweupe na kuliwa polepole. Kwa hiyo nje weka klipsi za plastiki ukiweza, na kama ni za bati zipige praima na rangi kwanza, kila tundu nalo ukingo wake upakwe rangi kwa brashi ndogo, ikauke, halafu grisi kidogo. Usizibe kwa silikoni inayonuka siki, ile ina asidi, inaanzisha kutu chini kwa chini wakati juu unaona safi.

Klipsi za nailoni zikiwa kavu ni ngumu, ziloweke kwenye maji ya moto dakika chache zinalegea zinaingia bila kuvunjika. Panga zote kwenye bodi kwanza, ndo uje na ufito, anzia klipsi ya katikati ukielekea pembeni, gonga kwa kiganja, sio nyundo hata iwe ya raba. Kila moja inalia tak. Isipolia haijakaa, usiendelee ukidhani itajiweka.

Milangoni usisahau vile viraba vya kwenye matundu, klipsi inapita katikati yake. Maji ya mvua yanaingia ndani ya mlango kupitia kwenye kioo kama kawaida na kutokea vitundu vya chini, ila viraba vikikosekana yanapita kwenye matundu ya klipsi na hadibodi inavimba kama mkate uliodondokea kwenye chai. Kava zangu za kwanza zilikufa hivyo, masika moja tu. Ukikosa viraba kata tyubu ya baiskeli viduara, toboa katikati, vinafanya kazi.

Zilizobaki ziko kwenye kopo la Blue Band juu ya kabati, nimeandika kwa makapeni USITUPE SIO TAKATAKA, maana kopo la kwanza nililikuta jikoni limewekwa chumvi na klipsi zangu sijui zilienda wapi.